Spidi boti ya kukodi Nungwi mpaka Mnemba: nahodha nampa nyota zote, majaketi ya watoto sifuri

Jumapili ilopita tulikodi spidi boti ya faiba pale Nungwi, mie, mke wangu, shemeji na watoto watatu, tunaenda kisiwa cha Mnemba kuogelea. Jina la wenye boti sitaji maana nina malalamiko.

Nahodha kwanza. Mtu mzima, katuweka pwani nusu saa nzima tumekasirika, kumbe anapima petroli kwa kijiti, hesabu yake thuluthi ya kwenda, thuluthi ya kurudi, na thuluthi haiguswi. Shemeji akamwambia mzee wetu mafuta yote hayo ya nini, si hapo tu? Akamjibu, "Mwanangu, baharini hakuna sheli." Shemeji tena akataka kumpakia rafiki yake, akakataliwa kavu, boti imeshatimia. Wengine wangenuna ila sie wa huku Spice Islander ya 2011, ile meli ilojazwa watu kupita kiasi ikazama, hatujaisahau, mtu akihesabu vichwa mie simwoni mkali. Na ile kamba ya kuzimia mashine kaifunga mkononi muda wote, akichupa yeye mashine inazima palepale, boti haimrudii na panga la mashine.

Tulitoka asubuhi mapema kwa sababu kaskazi ikishapamba moto mchana, pale rasi penye mnara wa taa upepo unashuka kusini na mkondo wa maji unapanda kaskazini, vikigongana mawimbi yanasimama wima, tumbo linahama. Saa tano akasema basi, turudi. Watoto walilia, mie nikamuunga mkono, na kweli tulivyokaribia Nungwi povu jeupe kila upande.

Sasa malalamiko. Laifu jaketi zote za watu wazima! Mwanangu wa miaka mitano nilimvisha, nikalinyanyua kwa mabegani, likatoka lote kichwani yeye kabaki chini, sasa hapo majini lingemsaidia nini? Halafu zilikuwa chini ya nanga na deli la barafu, mpaka uzifukue. Redio ya VHF ipo, nikaomba waniwashie chaneli 16, ile ya kuombea msaada baharini, chaji hakuna, wanategemea simu, na simu yenyewe mfukoni mwa kaptula iliyorowa. Bei yao si ya chee ati, kwa hela ile jaketi tatu ndogo haziwashindi.

Nyota tatu. Ukienda nao beba jaketi la mwanao, na redio iwashwe mkiwa bado pwani. Pweza wao wa kuchoma mtamu, chumvi tu imezidi.