Antena ya nje na busta yake: miezi minane juu ya bati

Kwangu ni Goba, Dar es Salaam, kule bondeni. Tangu mitambo ya analojia izimwe jijini mwisho wa Desemba 2012, mimi na king'amuzi hatujawahi kuelewana. Zamani picha mbaya ilikuwa na chenga, unavumilia, mpira unaonekana hivyo hivyo. Dijitali haina huruma hiyo. Picha iko safi, ghafla inavunjika vipande vya mraba, sauti inashikwa na kwikwi, kioo kinakuwa cheusi. Na kwangu ilikuwa inachagua saa: saa 2 kamili usiku, taarifa ya habari ikianza.

Nilianza na kiantena cha kuweka juu ya TV, boksi lake limeandikwa 4K. Antena haijui 4K, inadaka mawimbi tu, na chini ya bati mawimbi yenyewe ni ya kubahatisha. Shilingi 15,000 zikaenda.

Ndipo nikanunua Kariakoo hii ya nje, ya vifimbo vingi vya alumini, na busta yake, 45,000. Fundi akaifunga kwenye bomba, akachukua chake. Nikafungua ukurasa wa signali kwenye king'amuzi: nguvu 88, ubora 12. "Nguvu ipo bosi, shida ni king'amuzi chako," akaniambia, huyo akaondoka.

Mstari wa kuangalia ni ule wa ubora. Busta inakuza kila kinachoingia, signali pamoja na makelele yake. Kikiingia kibovu, kinatoka kibovu kwa sauti kubwa zaidi.

Jumamosi nikapanda mwenyewe. Kabla ya kugusa kitu nikaangalia mapaa ya majirani. Antena zao zote zimeelekea upande mmoja, na vifimbo vimelala. Vyangu vilikuwa vimesimama! Nikaizungusha antena robo duara ili vifimbo vilale kama vya wenzangu, ubora ukafika 40.

Kutafuta uelekeo ndiko kulikonitoa jasho. Mdogo wangu yuko dirishani anasoma namba, "Hapo hapo kaka! Aah, imekwenda." Kosa langu lilikuwa haraka. King'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha namba mpya, kwa hiyo unasogeza kidogo, unahesabu hadi tano, ndiyo unauliza. Kisha nikahamisha bomba nusu mita tu, likaepuka mwembe wa jirani, ubora 58. Nusu mita inaonekana si kitu, lakini mawimbi haya ya TV, yanayoitwa UHF, yana urefu wa kama sentimita 43 hadi 64, kwa hiyo kwao hiyo ni hatua nzima.

Kilichobaki kilikuwa waya. Darini nikakuta fundi ameunga vipande viwili kwa kusokota na kuvirushia selotepu, nyuzi za shaba zimeshakuwa kijani kwa maji. Nikanunua waya mpya wa antena, aina ya RG6, kipande kimoja, na pini za kukaza. Kabla haujaingia ukutani niliuacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ili mvua idondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye TV. Ubora 76.

Kwa udadisi nikachomoa busta. Nguvu ikashuka hadi 61, ubora ukabaki 75. Busta iko kabatini mpaka leo. Siipondi kabisa: waya mzuri wenyewe hula karibu nusu ya signali kila mita 15, kwa hiyo mwenye waya mrefu au anayegawa kwa TV mbili itamsaidia. Ila ifungwe juu karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya TV, inakuza kile kilichokwisha kuliwa njiani.

Antena yenyewe naipa nyota tatu. Inadaka vizuri ikielekezwa vizuri, na chaneli za bure za hapa nyumbani hazijaganda tena. Lakini alumini yake ni nyepesi mno, kunguru wawili wamekaa juu yake wakapinda vifimbo vya mbele, na skrubu zilishika kutu kabla ya kutimiza miezi minne. Ukiinunua, zitupe hizo skrubu ukiwa bado chini, ufunge za chuma kisichoshika kutu. Mimi itabidi nipande tena.