Chama cha wafanyakazi ghalani kwetu Tabora: asilimia mbili inanunua nini?

Wenzangu wa maghala ya tumbaku, na hasa ninyi mlioajiriwa juzi mkakuta mstari wa "ada ya uwakala" kwenye slipu ya mshahara, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Watu hutoa maoni yao juu ya hoteli, mabasi na maduka ya simu, lakini huduma hii tunayoilipia kila mwezi kabla mshahara haujatufikia, sijaona aliyeipima. Mimi ni karani wa ghala katika kampuni moja inayonunua tumbaku hapa Tabora, na ni mwanachama tangu nilipopata ajira ya kudumu. Chama sikitaji jina, kampuni pia siitaji, maana bado nafanya kazi na hawa watu na nataka warekebishe mambo, sitaki waaibike.

Nianze na bei. Kwetu ni asilimia mbili ya mshahara. Anayepata 400,000 anakatwa 8,000 kwa mwezi, na mwaka ukiisha ni 96,000. Kwa mpakiaji wa marobota mwenye watoto shuleni, hiyo ni fedha ya kuulizia. Mwanachama hukatwa kwa sababu alisaini fomu ya TUF 6, ile ya kumruhusu mwajiri amkate ada ya chama. Asiye mwanachama hakusaini kitu, na anakatwa kiasi hichohicho; hiyo ndiyo ada ya uwakala.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Msimu wa masoko uliopita, malori yakishusha mzigo kutoka Urambo na Kaliua, wazee wa mizani na vijana wa kompyuta walifika mahali pa kutosalimiana. Vijana wakisema, "Sikuomba, sikusaini, kwa nini mnanikata?" Wazee wakijibu, "Posho ya usiku uliyopokea mwezi jana nani aliidai? Mbona hukuirudisha?" Maneno yalikuwa makali mpaka msimamizi akawatenganisha zamu.

Nilichokigundua ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinabishana bila kujua sheria inasema nini, na tawi la chama halikujitokeza kueleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 72, inasema makubaliano yanayomlazimisha mfanyakazi kuwa mwanachama wa chama hayatekelezeki. Hakuna anayeweza kukulazimisha kubeba kadi. Lakini kifungu hichohicho kinakiruhusu chama kinachotambuliwa kazini, yaani kile chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi linalohusika, kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, kwa kuwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya maslahi ya kazini, unawafaidisha na wao. Yapo masharti: ada hiyo isizidi ile ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo, na isipelekwe kwa chama cha siasa. Kwa hiyo kijana anayesema "kujiunga ni hiari" yuko sahihi, na mzee anayesema "kulipa lazima" naye anaweza kuwa sahihi.

Mzee wetu wa mizani hashangazwi na makato. Alianza kazi enzi za JUWATA, chama kilipokuwa kimoja nchi nzima. Vyama vya zamani vilivyokuwa chini ya TFL, lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika lililoanzishwa mwaka 1955, viliondolewa mwaka 1964 ikaundwa NUTA, chama kimoja cha taifa, na mwaka 1978 ikaja JUWATA kama jumuiya ya CCM. Kwake yeye kukatwa fedha ya chama ni sehemu ya kuajiriwa. Kijana aliyezaliwa vyama vingi vikiwepo anategemea aulizwe kwanza. Mimi namwelewa mzee wangu, lakini kwa hili nipo na kijana: anayekatwa bila kuulizwa ana haki kubwa zaidi ya kuonyeshwa matumizi.

Sasa huduma yenyewe. Viongozi wa tawi wakija kutuhutubia karibu na Mei Mosi, huorodhesha mambo waliyotuletea: likizo ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, siku tatu za baba aliyepata mtoto, saa za ziada kulipwa mara moja na nusu. Hayo yote yamo kwenye sheria. Mwajiri anadaiwa hata mahali ambapo hakuna chama wala kadi. Naomba waache kuyahesabu kwenye kazi yao, kwa sababu yanawafanya vijana wadharau hata kile ambacho chama kimefanya kweli.

Na kimefanya. Gari la kuturudisha nyumbani usiku wakati wa msimu, lile linalopita Isevya na Ipuli, halimo kwenye sheria. Lipo kwa sababu liliandikwa kwenye mkataba wa hali bora. Kabla yake akina mama wa kufungasha walikuwa wanatembea usiku wa manane au kumpa bodaboda nusu ya posho. Barakoa za vumbi zinazobadilishwa mara kwa mara zimetokana na mkataba huohuo, na aliyewahi kusimama siku nzima kwenye vumbi la tumbaku kavu anajua kifua kinavyouma jioni. Msaada wa mazishi pia upo, na hufika kwa wakati.

Lakini kazi kubwa kuliko zote niliiona alipofukuzwa mpakiaji mmoja. Hesabu ya marobota ilipungua, akaambiwa ni yeye, akapewa barua bila hata kusikilizwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na wengi wetu siku hizo zinaishia nyumbani tukimsubiri bosi apoe. Katibu wa tawi alimfuata kwake, akamjazia Fomu Na. 1 ya Tume, akaenda naye kwenye usuluhishi na kumsemea, maana sheria inamruhusu kiongozi wa chama kumwakilisha mwanachama. Kampuni ilikubali kumrudisha kabla shauri halijafika kwenye uamuzi. Wakili angemgharimu kiasi ambacho hana. Kwa kazi ile, katibu yule namheshimu mpaka leo.

Tatizo ni upande wa pili wa ofisi hiyohiyo. Dada mmoja wa idara ya hesabu, asiye mwanachama lakini anayekatwa ada ya uwakala kila mwezi, alikwenda ofisini kwao kuomba ushauri juu ya uhamisho wa ghafla. Akaambiwa, "Wewe si mwanachama, jiunge kwanza." Alirudi analia. Inawezekana kwa utaratibu wao uwakilishi wa mtu mmoja mmoja ni wa wanachama, sawa. Basi kwa nini alipe bei ileile? Sheria inasema ada ya uwakala isizidi ya mwanachama. Hakuna mahali inaposema lazima zilingane. Anayepata gari la usiku na barakoa, lakini hapati wa kumsemea kwenye Tume, alipie gari na barakoa. Asilimia moja ingetosha, na nusu ya ugomvi wa ghalani ungekwisha.

Niliuliza pia kuhusu ile akaunti ya pekee. Nilijibiwa hesabu zinatunzwa ngazi ya juu. Nikauliza kiasi gani kinabaki Tabora, nikaambiwa nilete swali kwenye mkutano mkuu wa tawi, na mkutano wenyewe haujaitishwa. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Chama kinamdai mwajiri uwazi, halafu chenyewe kinamficha anayekilipa.

Vijana wamekuwa wakituonyesha kwenye simu kwamba Marekani ada ya namna hii imepigwa marufuku. Ni kweli kwamba mwaka 2018, katika kesi ya Mark Janus, mfanyakazi wa jimbo la Illinois, Mahakama ya Juu ya kule ilizuia kuwakata watumishi wa umma wasio wanachama. Ila ilihusu watumishi wa umma na katiba yao inavyolinda uhuru wa kusema. Sisi tuko kampuni binafsi, Tabora, chini ya sheria nyingine. Kesi hiyo haitawasaidia mbele ya msuluhishi.

Wengine wanatishia kujitoa. Inawezekana: unaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Mwezi unaofuata slipu itabadilika jina tu, kutoka ada ya uanachama kwenda ada ya uwakala, na kiasi ni kilekile. Mkijitoa wengi mpaka chama kikakosa nusu, mwajiri hukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe wingi, kikishindwa kinapoteza kutambuliwa. Hapo makato ya uwakala hayatakuwa na pa kusimama, lakini sijui nani atakayekaa mezani kudai gari la usiku msimu ujao. Mimi ningependa wabaki na wagombee tawi, kwa sababu viti viwili vya kamati viko wazi na hakuna kijana hata mmoja aliyechukua fomu.

Nyota zangu: nne kwa katibu, tatu kwa mkataba wa hali bora, moja kwa uwazi wa fedha. Mwenye ajira ya kudumu ghalani, anayeweza kushtukizwa na barua kama yule mpakiaji, namshauri abebe kadi. Msaini TUF 6 baada ya kuomba nakala ya mkataba wa hali bora na kuisoma; wakisita kukupa, ombeni mkiwa wengi. Ofisi yao iko mjini, si mbali na soko kuu. Nendeni asubuhi, mchana katibu huwa kwenye Tume, na mbebe slipu ya mwezi uliopita na barua ya ajira.