Wapiga picha waliowapa maharusi wetu nafasi ya kuonana kabla ya ukumbi

Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa sababu ya albamu, ntaeleza huko chini. Hii ni studio ya hapa mjini Unguja tulioichukua kwa harusi ya mdogo wangu wa kike, na picha za ukumbini sizizungumzii sana maana zile kila mpiga picha anazo. Nnachotaka kukisema ni ile huduma yao wanayoiita first look, bwana na bi harusi wanaonana faragha kabla ya sherehe na wao wanapiga kwa mbali.

Kwanza mjue kuwa si kila studio inafahamu sisi tunaoa vipi. Kuna wengine tuliwaendea kabla ya hawa, wakatwambia bora wakutane asubuhi pwani, wawili peke yao, halafu jioni ndio nikaha. Mamangu alinyanyuka akaenda zake jikoni. Jamani, kabla ya nikaha yule bado si mumewe! Kumuona mchumba hakuna aliekataza, Mtume S.A.W alimwambia Mughira bin Shu'ba akamtazame mwanamke aliemposa, lakini kutazama na watu wapo ni mbali na kukaa faragha wawili.

Hawa tuliowachukua swali lao la kwanza lilikuwa nikaha saa ngapi na msikiti gani. Hapo hapo moyo wangu ukatua. Wakatwambia Wazungu wanafanya vile kwa sababu ndoa yao inafungwa bi harusi mwenyewe yupo, anaingia kanisani watu wote wanamtazama, kwa hivyo wakitaka kuonana kwa utulivu lazima iwe kabla. Sisi anaeshikana mkono na bwana harusi msikitini ni walii, yaani baba au msimamizi wa bi harusi, bi harusi mwenyewe yuko nyumbani na somo wake, yule mama anaemfunda. Kwa hivyo nafasi yetu ipo, ni baada ya nikaha na kabla ya ukumbi, na pale washakuwa mke na mume hakuna wa kuwasema.

Na tuseme kweli, hiyo nafasi tunaiharibu wenyewe. Bwana harusi akifika, mlangoni washajipanga kina shangazi wanataka pesa ya kifungua mlango, vigelegele, simu arubaini juu, mtoto wa watu hata uso wa mkewe hauoni vizuri, anaona migongo ya mashoga wa bi harusi. Mdogo wangu alisema kabisa dada, mie nataka nimuone yeye kwanza.

Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri, jua linazama saa kumi na mbili na kitu, kwa hivyo mna saa moja na nusu hivi mpaka Magharibi, na wao waliupigia hesabu mpaka mwendo wa miguu maana gari Mji Mkongwe haiingii kila pahala. Walikataa Forodhani, wakasema jioni watu wamejaa kwenye mishikaki na urojo, faragha gani hiyo. Vichochoro navyo kiza kinaingia mapema kwa yale majumba marefu. Tukapata ua wa nyumba ya jamaa yetu, juu wazi. Shangazi bado alikuwa mzito, "mwanangu, bi harusi haonyeshwi njiani," nikamwambia shangazi si njiani, ni nyumba ya pili na atapita kajifunika, basi akaridhia, na yeye mwenyewe ndie aliemshika mkono kumpitisha.

Sasa sikilizeni. Bwana harusi kasimama kaupa mlango mgongo, joho na kilemba, jambia kiunoni, kidole kinaigongagonga ile ala kwa wasiwasi. Mpiga picha mwanamke, huyo nilimtaka mie tangu mwanzo, yuko roshani na lenzi ndefu na hakutoa sauti hata mara moja, hakuna geuka hivi wala cheka kidogo. Bi harusi akaingia, ule udi wa nguo ukamtangulia, akatoa salamu kwa sauti ndogo. Yule kaka akaitikia kabla hajageuka, kisha akageuka akabaki anatazama tu, akamwekea mkono kwenye paji la uso akasoma dua, na kwenye picha unauona kabisa mkono uko juu ya asumini za kichwani na macho yake yamejaa maji. Walipoingia ndani kusali rakaa mbili yule dada alizima kamera akashuka. Hakuambiwa na mtu. Wallahi kwa hilo tu nngewalipa mara mbili.

Na ukumbini nako walikuwa wengine kabisa, wamekaa wanazungumza na kucheka, hawana ule ugumu wa watu wawili waliowekwa kwenye kochi wanaoneana haya mbele ya kamera.

Sasa kasoro. Albamu ilichelewa sana na simu walikuwa hawapokei, mpaka kaka akaenda mwenyewe studio. Taa pia walileta moja tu, nikaha yenu ikiwa baada ya Isha waambieni mapema. Masika wekeni na chumba cha akiba maana mvua haiombi ruhusa.

Muhimu kuliko vyote, wekeni kwa maandishi kuwa picha za faragha haziendi Instagram wala stetasi ya mtu. Sisi tuliandikiana, wakatukabidhi zile picha kwenye flashi mkononi mwa bi harusi mwenyewe. Walio Pemba, wanavuka, ila boti na pa kulala ni juu yenu, na muwaite wafike siku moja kabla, msije mkategemea boti ya asubuhi siku ya nikaha.