Kinovea kwa kocha mwenye simu moja: uzoefu wangu

Nafundisha riadha kwa vijana hapa Arusha, na Kinovea, programu ya kompyuta ya kuchambua mwendo wa mtu kwenye video, ndiyo ninayoifungua kila nikitoka uwanjani. Ni ya bure, haitaki akaunti wala kadi ya benki, na ukishaipakua haili bando. Video za watoto wa watu zinabaki kwenye laptopu yangu, haziendi kwenye seva ya mtu. Mzazi akiuliza "hizo picha unazipeleka wapi?", jibu ninalo. Kasoro kubwa naitaja mapema: inafanya kazi kwenye Windows tu. Mwenye Mac, au mwenye simu peke yake, asijisumbue.

Unamrekodi mtu akikimbia, unaifungua video, unaisogeza picha moja moja. Unaweza kuchora pembe ya goti, kufuatilia njia ya kisigino, kupima muda, au kuweka video mbili pamoja na kuzilinganisha kuanzia mguu unapogusa ardhi. Hilo la mwisho ndilo lililoniteka. Vijana hawapendi hotuba. Mwonyeshe mguu wake wa mwezi uliopita na wa leo kwenye skrini moja, utamsikia mwenyewe anasema, "Ahaa, kumbe!"

Nina binti mmoja wa mita 1,500 ambaye hatua zake zilikuwa ndefu kupita kiasi: kisigino kinatangulia mbali mbele ya goti, kila akikanyaga ni kama anafunga breki. Nilimrekodi kwa picha 240 kwa sekunde, nikahesabu tangu kiatu kinapogusa ardhi hadi vidole vinapoachia. Picha 58, yaani kama milisekunde 242. Tukafanyia kazi hatua fupi za haraka, kisha nikamrekodi tena huku nimeshika saa ili mwendo uwe uleule, kwa sababu mtu akiongeza kasi mguu hukaa chini muda mfupi hata kama staili yake haijabadilika. Safari hii zikawa picha 54, milisekunde 225. Tofauti ni picha nne tu. Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde, kila picha inachukua milisekunde 33, kwa hiyo maendeleo yote yale ni nusu ya picha. Yangepita bila kuonekana, na binti angeambiwa hajabadilika.

Ndiyo maana nawaambia makocha wenzangu: ubora wa majibu unaanzia kwenye simu, programu inafuata baadaye. Simu nyingi huhifadhi video ya mwendo wa polepole ikiwa imeshapunguzwa kasi, na programu inaweza kudhani mtu anakimbia polepole mara nane. Ndani ya Kinovea kuna sehemu ya kuiambia kasi halisi ya kurekodi. Usipoijaza, muda wote utakaopima ni uongo. Halafu mwanga. Kasi kubwa ya picha inataka jua. Ukirekodi alfajiri mguu unatoka kama ukungu, hujui umegusa wapi. Na video iliyopitia WhatsApp hubanwa, kingo za kiatu zinafifia; mimi nahamisha kwa waya.

Vipimo vya urefu vinahitaji nidhamu zaidi. Unaweka fimbo ya mita moja pale pale anapopita mkimbiaji, unaiambia programu "hii ni mita moja", kisha unapima hatua. Kipimo hicho ni halali kwenye mstari ule tu. Akikimbia karibu zaidi na simu, hatua inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Simu ikae kwenye stendi, usawa wa nyonga, imtazame ubavuni moja kwa moja, na iwe mbali kiasi. Kamera ya kushika mkononi achia harusi.

Nimejaribu pia programu moja ya simu inayochora mifupa yenyewe juu ya mtu. Inapendeza, vijana waliishangilia, lakini miguu ikipishana inachanganya wa kulia na wa kushoto, na pembe za goti zinaruka ovyo. Kwa squat (zoezi la kuchuchumaa na kuinuka) ya kutazamwa kutoka mbele inafaa, ila kwa mbio za kutazamwa ubavuni bado siiamini. Wanaotaka kupima mwendo wa pande tatu wana OpenCap, programu ya Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo inatumia iPhone mbili au zaidi na karatasi yenye miraba ya dama ya kupangia kamera, na inakadiria hadi nguvu zinazopita kwenye viungo. Iwapo klabu yako ina iPhone mbili za ziada, hongera, sisi bado tunachangishana nauli.

Kinovea yenyewe haitakuambia goti linajipinda ndani kiasi gani, kwa sababu video ya kamera moja ni bapa. Haipimi nguvu ya kukanyaga wala haijui kwa nini mtu anachechemea. Mwanariadha akilalamika maumivu, video naipeleka pamoja naye kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yeye ndiye aiseme.

Kwa kocha, mwalimu wa michezo au mwanafunzi wa fiziotherapia mwenye laptopu ya zamani, naipa nyota nne. Ya tano wataipata siku watakapotoa ya Android.