Niliwaambia sakafu ni ya vinaili, wakaja na mashine ya mvuke

Nilishaamua sitaandika maoni haya kuhusu kampuni ya usafi. Nimekaa siku kadhaa nikijituliza, lakini leo asubuhi nimepita karibu na dirisha peku, ukingo wa kipande kimoja ukanikwangua kidole, na hasira yote imerudi upya. Basi naandika.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, niliita kampuni ya usafi. Nilikuwa nimetoka kuugua, mgongo hauinami, na sakafu ya sebuleni ilikuwa imeanza kufifia pale watu wanapopita sana. Kwenye simu nilisema mara mbili: sakafu yangu ni ya vinaili, vipande vya plastiki vilivyogandishwa kwa gundi, si vigae. Nikawatumia na picha. Nikajibiwa, "Usiwe na wasiwasi, tunaijua kazi yetu." Picha sidhani kama kuna mtu alizifungua.

Nieleze kwanza sakafu yenyewe ilikuwaje, maana baadaye niliambiwa nimeitupa. Nimeitunza kwa mikono yangu zaidi ya miaka saba. Kila siku nafagia kwa fagio laini kabla maji hayajagusa chini, kwa sababu adui mkubwa wa vinaili ni mchanga. Chembe moja ikikaa chini ya kiatu au chini ya dekio inachora mistari midogo midogo kwenye lile tabaka la juu linalong'aa, na tabaka hilo ni jembamba, mara nyingi halifiki hata milimita 1. Likishachakaa, hakuna sabuni ya kulirudisha. Kupiga deki ni mara moja kwa wiki: maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo sana, dekio nimelikamua mpaka halidondoshi tone. Ndoo ni mbili, moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Watu wengi wanaruka hiyo ya pili, halafu wanashangaa sakafu inanata na inachafuka upesi kuliko zamani. Uchafu huo unashikwa na sabuni waliyoiacha wenyewe. Unga wa kusugulia siutii. Waya wa sufuria siutii. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, haikanyagi sebuleni kwangu, maana inalainisha vinaili na kuiharibu. Alama ya kalamu naifuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, nasuuza, basi. Miguu ya viti nimeibandika vitambaa vizito.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na nalikiri: mkeka wenye mgongo wa mpira niliouweka mlangoni. Nilipoufunua baada ya miezi nikakuta doa la njano iliyopauka, umbo lile lile la mkeka. Nilisugua mpaka bega likauma, halikutoka wala halitatoka, kwa sababu doa hilo haliko juu ya vinaili, limeingia ndani yake. PVC, plastiki inayotengenezewa vinaili, kwa asili ni ngumu, ndiyo hii hii ya mabomba ya maji. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma, akaishia kugundua namna ya kuilainisha plastiki hiyo kwa vilainishi. Ulaini huo ndio unaotupa sakafu isiyoumiza miguu, lakini vilainishi hivyo hivyo vinaruhusu kemikali za kwenye mpira kuhamia ndani na kuacha rangi. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu doa hilo ndilo msimamizi wao alilolitumia kunidhalilisha.

Walikuja wawili, msimamizi na kijana mmoja. Kijana aliniamkia vizuri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akachukua fagio akaanza kazi. Nilimtazama akifagia kuanzia kwenye kona kuelekea katikati, akipiga magoti kutoa mchanga uliokwama chini ya ukingo wa ukuta kwa ncha ya kitambaa. Nikasema moyoni, huyu amefundishwa na mtu. Alipofika dirishani akapapasa maungio kwa kidole, akaniuliza, "Mama, hii imegandishwa kwa gundi?" Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia msimamizi na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hii si ya mvuke.

Msimamizi hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. "Washa mashine."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na sikusimama. Nilidhani wenye mashine wanaijua kuliko mimi. Mvuke unatoka ukiwa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Joto hilo likikaa juu ya vinaili, plastiki inalainika na kutanuka, gundi ya chini inalegea, na unyevu unapenya kwenye maungio hadi mahali ambapo hautakauka kwa haraka. Watengenezaji wengi wameandika wazi kwenye vijitabu vyao kwamba mashine za mvuke zisitumike, na kwamba ukizitumia dhamana yao haikuhusu tena. Kwenye kigae cha kauri, ukiupitisha mvuke haraka, huna hasara. Kwenye vinaili iliyogandishwa unachezea kinachoishikilia.

Kijana alipitisha mashine haraka haraka, nadhani akijaribu kuiokoa. Msimamizi akamnyang'anya. Akaiweka juu ya lile doa la mlangoni, akaikandamiza pale pale, haisogei. Nilianza kusikia harufu, ile harufu nzito ya gundi iliyopata moto. Halafu akahamia dirishani, ambako jua la mchana lilikuwa limeshaipasha sakafu tayari, akafanya vile vile. Nikaona kwa macho yangu ukingo wa kipande cha kwanza ukiinuka taratibu, kama rangi kuukuu inavyobanduka ukutani. Kikafuata cha pili. Katikati ya cha tatu pakatoka lengelenge la ukubwa wa kiganja. Nilipiga kelele.

Akazima mashine. Akaja na kiatu chake, ndiyo, yeye hakuvua, akaukanyaga ule ukingo ulioinuka, ukashuka, akaondoa mguu, ukapanda tena. Akasema: "Dada, hii sakafu yako ilikuwa imeshakufa. Angalia hata madoa. Sisi tumekuonyesha tu."

Miaka saba ya kukamua dekio kwa mikono hii. Imeshakufa! Na ananionyesha kwa soli ya kiatu, mbele ya kijana ambaye dakika kumi kabla alikuwa amemwambia ukweli. Pesa ya kutengeneza sakafu inatafutwa, inapatikana. Ile sauti bado naisikia.

Nilipiga simu ofisini kwao. Mara ya kwanza nikaambiwa mashine yao ni salama kwa sakafu zote. Nikauliza, zote zipi? Simu ikakatwa. Mara ya pili nikaambiwa fundi aliyeweka sakafu ndiye aliyekosea gundi. Mara ya tatu hawakupokea.

Sasa niseme haki. Vipande tisa viliinuka, na leo sita vimelala, na aliyevilaza ni yule kijana. Alirudi siku yake ya mapumziko, hakutumwa na mtu. Akainua kila kipande polepole, akakwangua gundi ya zamani iliyokuwa imegeuka kama ulimbo, akaacha chini pakauke hadi siku iliyofuata kabla ya kupaka gundi mpya. Akabana kwa kitambaa, akaweka juu ubao na marobota ya vitabu vyangu, akanikataza kuvitoa mpaka kesho yake. "Mama, ukivuta haraka tutaanza upya." Sikuvuta. Ni kazi safi kuliko ya fundi wa kwanza. Kwa hiyo nikajiambia, kampuni yenye kijana kama huyu haiwezi kuwa mbaya yote. Labda ni msimamizi mmoja. Labda niwape nyota mbili, hata tatu, na niseme tu muombe aje yeye peke yake.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye kuandika ndipo nikaikumbuka ndoo.

Kabla ya mashine, msimamizi alichukua ndoo yangu iliyokuwa na maji yenye siki, niliyoyaacha asubuhi baada ya kufuta utando wa sabuni, akafungua chupa ya klorini amimine humo humo. Nilimshika mkono. Siki ikikutana na dawa ya klorini inatoa gesi ya klorini, ile inayochoma macho na kifua, na dirisha lilikuwa limefungwa. Alinitazama kama ninayemchelewesha kazi. Mtu anayelipwa kusafisha nyumba za watu, zenye watoto, zenye wazee wenye pumu, hajui kwamba vitu hivyo viwili havichanganywi, wala klorini na amonia! Kwa ajili ya vipande tisa ningesamehe. Kwa ndoo ile sisamehi. Hizo nyota mbili nazirudisha, na hiyo moja niliyoweka ni kwa sababu ukurasa haukubali sifuri.

Vitatu vilivyobaki havilali. Viwili vya dirishani vimeshajikunja, joto limevibadilisha umbo, na kile cha mlangoni chenye doa kikikanyagwa kinalia. Natafuta vya kubadilishia, rangi ile ile haipatikani tena, kwa hiyo nafikiria kuhamisha vitatu kutoka chini ya kabati, ambako havionekani. Kijana amesema ataniinulia kabati.