Kitabu cha MMA kinachonyonga visigino kwa picha nne tu

Nianze na ukurasa wenyewe wa kunyonga kisigino, maana ndio ulionifanya niandike. Uko mapema sana katika kitabu hiki cha MMA, yale mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, kabla hata hujaonyeshwa namna ya kujinasua mtu akikukalia kifuani. Picha nne. Ya kwanza, mguu wa mwenzako umeubana kwapani. Ya pili, umelizungushia paja lake miguu yako miwili. Ya tatu, kisigino chake kimekaa kwenye kikunjo cha kiwiko chako. Ya nne, umegeuza kiwiliwili, na chini yake mwandishi kaandika: zungusha mpaka apige mkeka. Kupiga mkeka, au kugonga, ndiyo ishara ya kusalimu amri. Basi. Ukifunua unakuta ngumi za kusimama.

"Mpaka apige mkeka"! Ukimnyoosha mtu mkono, kiwiko kinauma mapema. Ana muda wa kugonga, unamwachia, mnacheka, mnaanza tena. Kisigino sivyo kabisa. Nguvu ya kuuzungusha unyayo haiishii kwenye kifundo, inapanda na muundi mpaka gotini, na goti limeumbwa kukunjwa, si kuzungushwa. Kano zake zinaweza kukatika kabla mwenye goti hajasikia maumivu ya kumfanya agonge. Anayengoja maumivu ameshachelewa. Mwandishi anayejiita bingwa wa mapigano ya chini hawezi kuwa halijui hili, nami siamini kwamba halijui.

Mazoezi tulikuwa tunayafanya uani, mimi na mdogo wangu, kwa taratibu ile ile ya picha, bila pupa. Nikasikia goti lake limelia "ko", nikaachia hapo hapo. Yeye akanishangaa: "Kaka, mbona umeacha?" Hakuwa amesikia chochote. Alipotaka kuinuka ndipo mguu ukamkatalia. Mpaka leo anashuka ngazi kwa upande.

Na sisi si wageni wa mkeka. Tumekulia kwenye judo kama vijana wengi wa hapa Unguja, kuanguka tunajua, kugonga tunajua. Lakini kwenye mashindano ya judo kiungo pekee unachoruhusiwa kukinyonga ni kiwiko. Miguu haiguswi. Kwa hiyo mtu wa judo anaweza kuwa na miaka mingi mkekani na asiwe na hisia yoyote ya kumwambia kwamba hapa goti linaondoka. Msomaji wa namna hiyo ndiye aliyehitaji mstari mmoja wa onyo. Mmoja tu!

Kinachonichemsha zaidi ni sura ya kabali. Ile ya nyuma, ambayo mtaani tunaiita roba. Hapo kaandika kwa uangalifu wote: kwamba unabana mishipa ya damu pande mbili za shingo, wala si koo, kwamba mtu anaweza kupoteza fahamu kwa sekunde chache, kwamba uutazame mkono wa mwenzako, na ukiona umelegea uachie bila kungoja agonge. Kaliwekea onyo hilo kisanduku chekundu. Kumbe kuonya anajua! Kwa nini basi shingo ipate kisanduku na goti lisipate?

Tena si siri ya wakubwa. Shirikisho la IBJJF la jiujitsu, mchezo wa kukabana na kunyonga viungo mkekani, lilikataza kunyonga kisigino kwenye mashindano yake kwa miaka yote mpaka 2021, na liliporuhusu, liliwaruhusu watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi peke yao, wakicheza bila kimono, yaani lile koti la mchezo. Mwaka 2013 UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, ilimfukuza mpiganaji wake Rousimar Palhares kwa sababu aliendelea kukinyonga kisigino cha Mike Pierce baada ya mwenzake kugonga. Wanaume wanaolipwa kupigana wanaogopa kitu hiki, halafu mtu anakipanga mbele ya msomaji wa nyumbani kama zoezi la kupasha mwili.

Nilimwandikia mchapishaji. Jibu likaja mistari miwili: kitabu kimekusudiwa watu walio chini ya uangalizi wa mkufunzi. Uangalizi wa mkufunzi! Jalada lao hilo hilo linasema huhitaji klabu wala mwalimu, godoro na mtu wa kufanya naye vinatosha. Hata pole hawakuandika. Kwa jibu lile nilikuwa tayari kumwambia kila mtu akiache kitabu hiki dukani.

Lakini nikisema hakina maana nitakuwa mwongo, na hilo linaniudhi pia. Sura ya kuchota miguu miwili, yaani kumkumbatia mpinzani miguu yote na kumwangusha, ni bora kuliko nilivyowahi kufundishwa na mtu yeyote. Sisi wa judo tumezoea kushika koti. Kwenye MMA hakuna koti, mkono unateleza kwenye jasho, unabaki umesimama hujui pa kushika. Kitabu kimeonyesha kila hatua kutoka pande tatu: goti la mbele linaingia katikati ya miguu yake, mgongo umesimama, kichwa kimegandamana na ubavu wake na macho yanatazama mbele, maana ukiinamisha kichwa umejipeleka mwenyewe kwenye kabali ya mbele. Nimefanya hivyo na watu wazito kuniliko, nao wanakwenda chini. Kwa sura hiyo peke yake fedha zangu zilirudi.

Basi nilikuwa nimeamua kusema kinunueni, mzichane kurasa za miguu. Nikaandika hivyo, nikafuta. Kijana wa miaka kumi na sita akikipata hatachana kitu. Ataanza na ukurasa huo huo kwa sababu ndio wenye picha za kusisimua, na atamnyonga rafiki yake mpaka "apige mkeka", kama alivyoambiwa. Hapana. Msikinunue mpaka watoe chapa nyingine yenye onyo.

Nakala yangu siiuzi. Kuna kijana wa Michenzani anaitaka sana, nimemwambia aje hapa kwangu jioni tufanye sura ya kuchota miguu pamoja. Kitabu hakitoki nyumbani.