Niliuliza leseni, nikajibiwa kwa kejeli

Ukutani kwa kijana niliyemwendea anishauri pa kuwekeza hela yangu kuna vyeti vinne, vyote kwenye fremu. Nilipomuuliza yule kijana ni kipi kati ya hivyo kimetolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, inayowapa leseni washauri wa uwekezaji, alitabasamu akasema, "Mama, umekuja kutafuta faida au kunifanyia usaili?" Mbele ya katibu wake! Mimi, mwalimu, niliyetoka Jinja alfajiri na teksi ya kwanza kuja Kampala.

Hela yenyewe ni ile asilimia 20 ya akiba yangu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo tangu sheria ya 2022 mtu aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuichukua. Nilimweleza wazi: nataka mahali salama, nikikwama karo ya mwanangu niweze kuichomoa.

Nisimdhulumu. Hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, alinifafanulia vizuri kuliko benki yangu: unaanza na shilingi 100,000, riba hukatwa kodi ya asilimia 20, ila za miaka 10 na kuendelea hukatwa 10. Nikaelewa, nikamwamini. Kumbe karatasi aliyonisogezea baadaye ilikuwa ya bima ya maisha ya miaka 10, ya kulipia kila mwaka. "Ni kitu kilekile, mama, na bima juu." Kitu kilekile! Nikatia saini.

Muhula fulani karo ikanibana. Ndipo nikaambiwa mkataba ukivunjwa mapema hivi hakuna kinachorudi. Hata shilingi.

Leseni aliyonayo ni ya wakala wa bima, inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Inamruhusu kuuza bima, basi. Kushauri watu juu ya uwekezaji ni leseni nyingine kabisa, na orodha ya walionayo iko wazi kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nimeipitia mara tatu, jina lake halimo. Na kamisheni aliyopata kwa saini yangu hakuitaja hata mara moja, ilhali mimi nilidhani nimekaa na mtu anayenifikiria mimi.

Nilianza kuandika haya nikikusudia kumpa nyota mbili kwa yale maelezo ya hati fungani. Sasa hivi katibu wake kanipigia: mchango wa mwaka wa pili umefika, mama, tumtume mtu aje? Nazifuta zote mbili.